Sukari inayozisaidia seli za damu kufika kwenye uboho

Mgonjwa anayepandikizwa seli shina za damu hachanwi mfupa. Seli hizo, ambazo ndizo zinazozaa damu yote mwilini, huingizwa kwa dripu, kama mtu anayeongezewa damu. Baada ya hapo zinatakiwa zitafute zenyewe njia hadi kwenye uboho, ndani ya mifupa. Sasa zinajuaje pa kushukia?

Sehemu kubwa ya jibu ni sukari.

Si ile ya kwenye chai, na kula sukari nyingi hakusaidii chochote hapa. Kila seli ya mwili imefunikwa kwa nje na vinyororo vidogo vya sukari za aina mbalimbali. Kwenye seli shina za damu, baadhi ya vinyororo hivyo vina sukari iitwayo fukosi.

Mishipa midogo ya damu iliyo ndani ya uboho nayo ina protini iitwayo E-selektini, ambayo hunasa vinyororo hivyo. Seli ikipita mbio na damu, inanaswa, inaachiwa, inanaswa tena. Inabingirika ukutani mwa mshipa, inapunguza mwendo, inasimama, kisha inajipenyeza kuingia kwenye uboho.

Shida iko kwenye damu ya kitovu cha mtoto mchanga, ambayo hutumika mgonjwa akikosa mtu wa kumchangia uboho unaofanana na wake. Seli zake shina ni chache, na nyingi zina upungufu wa fukosi. Hivyo hufika kwa shida na kuchelewa kuzalisha damu. Siku zote hizo mgonjwa hana kinga, na maambukizi madogo tu yanaweza kumuua.

Madaktari wa kituo cha saratani cha MD Anderson, Houston, Marekani, walijaribu njia rahisi: kuzichanganya seli na kimeng'enya kinachozibandika fukosi, kwa dakika 30 tu kabla ya kumpa mgonjwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Kwa wagonjwa 22, chembe nyeupe za kinga zilirejea kwa wastani wa siku 17. Kwa wagonjwa wa awali ambao seli zao hazikuongezwa fukosi, ilikuwa siku 26.

Idadi hiyo ni ndogo, na wagonjwa walilinganishwa na wale waliotibiwa zamani, kwa hiyo si uthibitisho wa mwisho. Ila kwa mtu asiye na kinga, siku 9 si kidogo.