Uko Meru ama Embu na unataka kuandika programu? Maswali yako yote ya mwanzo ndio haya

Uko Makutano kule Meru ama Dallas kule Embu, umeamua kujifunza kuandika programu za kompyuta, lakini kila ukiuliza unarushiwa majina kumi ya lugha. Tulia, twende pole pole.

Nianze na lugha gani?
Python. Ni ya bure, na Guido van Rossum aliitoa 1991 akitaka isomeke rahisi. Usihamehame. Ukishika moja vizuri, ya pili huingia haraka.

Lazima niwe na lapi?
Zii. Simu ya Android inatosha kuanza. Ukishaweka Pydroid 3, inafanya kazi hata bundles zikiisha.

Niandike nini sasa?
Kitu ya kwenu. Tuseme mathe anapeleka maziwa lita 12 kila siku, kila lita ni sh50. Andika lita = 12, mstari wa pili bei = 50, wa tatu print(lita * bei). Utaona 600. Sasa weka hiyo 12 ndani ya alama za kunukuu, "12". Kompyuta itaichukua kama maandishi, si namba, na itakuandikia 12 mara hamsini! Ukijua kwa nini, ushajifunza kitu. Ongeza siku 30, na mathe ana hesabu yake ya kulinganisha na ile anapewa siku ya malipo.

Hata Ushahidi ilianza na shida ya hapa. Wakenya waliitengeneza 2008 kuonyesha kwa ramani mahali fujo za baada ya uchaguzi zilikuwa.

Nikikwama?
Soma ujumbe wa kosa, Python hukutajia mstari wa kuangalia. Ikikataa bado, uliza mtu, lakini usiseme tu "imegoma". Onyesha ulichoandika, ulichotarajia na kilichotokea. Hapo utasaidika chap chap.

Lazima campo?
Si lazima, lakini ukitaka digrii huhitaji kuhamia Nairobi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kule Nchiru, kilipata hati yake 2013, na cha Embu 2016. Zote zinafundisha kompyuta.

Na mtu akikuuzia kozi ya wiki mbili akikuahidi kazi ya uhakika? Kwanza mwambie akuonyeshe programu ambayo wanafunzi wake wametengeneza. Akianza kuzungusha maneno, doh ikae mfukoni.