Vifo vya Wavulana na Wasichana wa Miaka 10 hadi 14: Hali ya Nakivale na Endiinzi

Umri wa miaka 10 hadi 14 ndio wenye vifo vichache kuliko umri mwingine wowote. Mtoto aliyefika hapo amekwisha kuyaponea maradhi ya uchangani, na hatari za utu uzima bado hazijamfikia. Hata hivyo, mtoto wa Afrika kusini mwa Sahara yumo hatarini mara nyingi zaidi ya mwenzake wa Ulaya, na sababu nyingi zinazomuua zina kinga au dawa.

Jambo hili laonekana vizuri katika wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yalianzishwa huko mwaka 1958, na leo wanaishi humo Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo. Endiinzi ni mji mdogo wa jirani. Wenyeji na wakimbizi wanachangia ziwa moja, barabara zile zile na mbu wale wale.

Malaria haichagui jinsia. Watoto wa umri wa shule ndio wanaolala chini ya chandarua kwa uchache zaidi, kwa kuwa chandarua kilichopo hupewa mama na mtoto mchanga. Nimonia, kuhara na kifua kikuu, ambacho huanza kuongezeka karibu na balehe, huwapata wote pia.

Tofauti huanzia kwenye kazi na michezo. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2015 zilionyesha kwamba duniani kote wavulana wa umri huu waliuawa zaidi na ajali za barabarani, kisha kuzama maji. Kwa wasichana, maambukizo ya mapafu yalikuwa mbele. Sababu za tofauti hiyo zipo Nakivale pia. Mvulana huchunga ng'ombe, huvua na kuogelea katika Ziwa Nakivale bila kufundishwa, na hupanda bodaboda bila kofia. Haya si ukorofi wa wavulana; ni kazi ambazo watu wazima wamewapa.

Msichana huteka maji na kupika kwenye moshi wa kuni. Hedhi inapoanza huku chakula kikiwa haba, damu hupungua mwilini. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kugawa msaada nchini Uganda kwa madaraja ya uhitaji, na familia nyingi zikapata pungufu. Maradhi ya moyo yatokanayo na kidonda cha koo kisichotibiwa, ambayo Mbarara ni mmoja wa miji inayoyaandikisha katika rejista ya taifa, nayo huonekana zaidi kwa wasichana na wanawake. Sindano ya penisilini ya kila mwezi huzuia moyo usiharibike zaidi.

Mimba ni hatari ya peke yake. Kabla ya miaka 15 ni chache, lakini mwili usiokomaa hupata kifafa cha mimba na uzazi wa kukwama kwa urahisi zaidi. Shule za Uganda zilipofungwa, kikamilifu au kwa sehemu, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, wasichana wengi walipoteza kinga waliyokuwa nayo darasani.

VVU ina sura mbili. Wapo wavulana kwa wasichana waliozaliwa nayo na wasipimwe hadi wanapodhoofika. Baada ya balehe, maambukizo mapya huwaangukia wasichana zaidi, na mara nyingi nyuma yake kuna mwanamume mzima.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba kundi hili limekaa nje ya hesabu. Kwa miaka kadhaa fomu za vituo vya afya vya Uganda ziliwaweka wagonjwa wa miaka 5 hadi 59 katika fungu moja. Mpango ulioanza mwaka 2010, wa wahudumu wa vijiji kutibu malaria, nimonia na kuhara karibu na nyumbani, uliwalenga walio chini ya miaka mitano. Mtoto wa miaka 11 mwenye homa hutembea hadi kituoni, na akizidiwa hubebwa kwa barabara ndefu hadi hospitali ya rufaa ya Mbarara. Saa hizo ndizo zinazoua.

Wizara ya Afya na mashirika yanayohudumia Nakivale yawahesabu watoto hawa peke yao, wavulana mbali na wasichana mbali, na mhudumu wa kijiji aruhusiwe kuwapima na kuwatibu kama anavyowatibu wadogo zao.