Fahamu: Tahasusi ya kidato cha tano ni uamuzi wa nani?

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, ubishi huhamia sebuleni. Baba anataka PCB (fizikia, kemia na baiolojia), mtoto awe daktari. Binti ana B ya Historia, B ya Kiswahili na D ya Fizikia. Hapo hata jirani ana maoni.

Tahasusi ni masomo makuu matatu yanayobeba kidato cha tano na sita. Orodha yake si ile waliyoizoea wazazi: mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilitangaza tahasusi mpya 49, zikafika 65. Mwanafunzi hujaza Selform, yaani fomu ya machaguo, akiwa bado shuleni, na matokeo yakitoka TAMISEMI hufungua dirisha la kubadilisha machaguo mtandaoni. Wengi huliacha lipite.

Alama za mtoto zitazameni kwanza, ndoto baadaye. Kisha someni mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), kwa sababu mtego mkubwa uko huko. Kwa macho ya mzazi, CBG na PCB ni pacha. Kemia ipo, baiolojia ipo. Ila CBG ina jiografia badala ya fizikia, na bila fizikia shahada ya udaktari wa binadamu hupati. Naye anayekimbilia PCB ili aikwepe hesabu ajue BAM, somo la hesabu la ziada, inamsubiri.

Dirisha likifunguliwa, mzazi, keti na mwanao, mwongozo ukiwa mbele yenu. Uliza, shauri, halafu mwachie yeye abofye.