Kwa nini mtego wa harufu unakamata madume tu



Msimu uliopita wengi mulituuliza: «Mtego umejaa vipepeo, mbona viwavi bado wanakula mahindi yetu?» Kosa lilikuwa letu. Tuliwaletea mitego bila kueleza kinachofanyika ndani ya mwili wa yule mdudu.

Kiwavi jeshi ni mtoto wa kipepeo wa usiku. Giza likiingia, neva za kichwani mwa jike zinatoa kipande kidogo cha protini, wataalamu wanakiita nyuropeptidi. Kinapita katika damu mpaka kwenye tezi iliyo mwisho wa tumbo, na tezi inaanza kutengeneza harufu. Sisi watu hatuisikii. Dume anaisikia toka mbali, anaifuata kwenye upepo.

Mambo hayo yalijulikana kwa ndugu yake, kipepeo wa kiwavi anayetoboa mahindi kule Marekani. Watafiti walimfunga jike uzi shingoni: harufu ikakosekana. Wakamdunga maji yaliyotoka vichwani mwa wenzake: harufu ikarudi. Mwaka 1989 wakatambua nyuropeptidi yenyewe.

Tena kuko jambo lingine. Dume akimpanda jike, anamwachia pamoja na mbegu kitu kinachozima ile harufu. Hapo jike anageuka tabia: haiti tena dume, anatafuta majani ya kutagia. Kiwavi jeshi wetu anataga kwa mafungu, mara nyingi mayai 100 hadi 200 pamoja.

Sasa munaona shida. Kidonge kilicho ndani ya mtego kinaiga harufu ya jike, basi kinaita madume peke yake. Jike mwenye mayai hana haja nacho. Na madume wachache wanaobaki wanatosha, maana dume mmoja anapanda majike wengi.

Kwa hiyo mtego ni wa kutupasha habari. Muhesabu madume kila wiki. Wakiongezeka, muingie shambani asubuhi, mugeuze majani, muponde mayai kwa vidole. Kiwavi akishaingia kwenye moyo wa muhindi, dawa ya pompi haimfikii vizuri, na feza ya kooperative inamwagika bure.

Kidonge cha harufu musikishike kwa mkono mtupu. Mkono uliogusa kidonge cha mdudu mwingine unachanganya harufu. Mukibadilishe kufuatana na siku zilizoandikwa kwenye pakiti.