Kanuni na Busara: Lugha ya Sheria za Ujenzi wa Nyumba, kwa Mfano wa Kaengesa

Ugomvi baina ya mkaguzi wa majengo na mhandisi ni wa zamani, na aghalabu huhesabiwa kuwa jambo la mafundi na mawakili peke yao. Mkaguzi hushika maandishi ya sheria, akasema kwamba ukuta huu umepungua sentimita tano, basi haufai. Mhandisi huitazama nyumba yenyewe, udongo iliyoukalia na mzigo inaoubeba, akasema kwamba upungufu huo hauna madhara. Au kinyume chake, kwamba nyumba iliyotimiza kila kipimo bado ni ya hatari. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya ugomvi huo imo katika lugha, na kwamba atungaye au afasiriye sheria ya ujenzi kwa Kiswahili aweza kuukata bila ya kujua kwamba ameukata. Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2021, Bunge la Tanzania lilipopitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi.

Mfano uliochaguliwa ni Kaengesa, kata ya Wilaya ya Sumbawanga katika Mkoa wa Rukwa, juu ya uwanda wa Ufipa. Nyumba nyingi za vijiji vya sehemu hizo hujengwa kwa matofali ya udongo, mabichi au ya kuchoma, yaliyoungwa kwa tope, na kuezekwa kwa nyasi au bati. Mjenzi ni fundi wa kijiji. Mhandisi haonekani ila kwa nadra. Lakini nchi hiyo imo katika Bonde la Ufa. Tarehe 13 Desemba 1910, zama za utawala wa Wadachi, palitokea huko Rukwa tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa karibu 7.4, mojawapo ya matetemeko makubwa kabisa yaliyopimwa katika Afrika kwa karne nzima ya ishirini. Baadhi ya wanajiolojia wamelihusisha na ufa wa Kanda, unaoukata uwanda wenyewe wa Ufipa. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa dogo kuliko hilo, la ukubwa wa 5.9, na hata hivyo liliua watu wasiopungua 17 na kuangusha nyumba nyingi, hasa za matofali yaliyoungwa kwa tope. Kwa hiyo swali la nani aamue kwamba nyumba ya Kaengesa ni imara si swali la vitabuni tu.

Sheria zinazohusu jambo hili ni nyingi, na hazikukaa mahali pamoja. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 na kanuni za kudhibiti uendelezaji za mwaka 2008 zilielekezwa mijini. Ardhi ya kijiji inatawaliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 imeipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Mhandisi naye ana sheria yake ya usajili, ya mwaka 1997. Katika mpangilio huo, kijiji kikikua na kuwa mji, nyumba ile ile iliyosimama kwa miaka mingi bila ya kuulizwa hujikuta siku moja mbele ya kanuni ambazo mjenzi wake hakupata kuzisoma.

Kanuni za ujenzi, popote duniani, husema kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya matokeo. Hammurabi wa Babeli, yapata miaka 1750 kabla ya Kristo, hakutaja unene wa ukuta. Alisema tu kwamba nyumba ikianguka na kumwua mwenyewe, mjenzi atauawa. Njia ya pili ni ya vipimo. Baada ya moto mkuu wa London wa mwaka 1666, sheria ya mwaka 1667 iliyoamuru mji ujengwe upya ilizigawa nyumba katika aina nne na kutaja unene wa kuta za kila aina. Njia ya kwanza yamwachia mjenzi akili yake yote, lakini humfikia baada ya maafa. Njia ya pili huzuia maafa mapema, lakini haijui ila nyumba za namna ile aliyoifikiri mtungaji. Sheria za siku hizi huchanganya njia hizo mbili, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa: mkaguzi hushika tarakimu, na mhandisi hushika kivumishi.

Historia ya maneno yenyewe yaeleza mengi. Neno kanuni limetufikia kwa Kiarabu, nacho kililipata kwa Wayunani, ambao kwao lilikuwa fimbo iliyonyoka, chombo cha fundi cha kupimia unyofu wa ukuta. Neno busara latoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuona. Kwa hiyo ugomvi wa kanuni na busara ni ugomvi wa fimbo na jicho, na fundi yeyote ajua kwamba kazi yataka vyote viwili: timazi humwambia kama ukuta umesimama wima, lakini haimwambii kama udongo ulio chini ya msingi utauvumilia. La ajabu ni kwamba mhandisi, atetewaye hapa kwa jicho lake, jina lake limetoka katika neno la Kiajemi lenye maana ya kipimo. Busara yake basi si kipaji cha kubahatisha. Ni kuona kulikofundishwa na kupima.

Wala Wafipa hawakuwa wageni wa busara ya namna hiyo. Wafua chuma wa Ufipa walijenga tanuru za udongo zilizoitwa malungu, zenye kimo cha kufika mita tatu hivi, zilizovuta hewa zenyewe bila ya mivukuto. Tanuru ya namna hiyo isingesimama wala kuyeyusha chuma kama mjenzi hakuujua udongo wake. Ujuzi huo haukuandikwa katika kitabu cha viwango. Ulikaa katika mikono na macho ya wajuzi.

Na ichukuliwe nyumba moja ya Kaengesa, ya chumba na sebule. Kanuni yasema kwamba matofali yaungwe kwa saruji. Mwenye nyumba hana saruji ya kutosha ukuta mzima. Mhandisi aweza kumshauri aitumie saruji kidogo aliyo nayo katika mkanda wa zege wenye nondo, uzungukao kuta zote juu ya milango na madirisha. Afupishe kuta, afunge pembe kwa kupishanisha matofali, apunguze matundu na aezeke kwa paa jepesi. Wakati wa tetemeko, nyumba hiyo ya tope iliyofungwa yaweza kusimama vyema kuliko nyumba ya saruji yenye kuta ndefu zisizoshikamana. Lakini mkaguzi akiifungua kanuni ataona neno moja tu, saruji, na nyumba hiyo imelikosa. Kama sheria ingesema kwamba kuta ziwe imara, mhandisi angeshinda. Kwa kuwa yasema saruji, ameshindwa. Neno imara lenyewe huhusishwa na mzizi wa Kiarabu wa kujenga na kukaa; lina uzito, lakini halina kipimo, na mjenzi mzembe naye aweza kujificha nyuma yake.

Baada ya vivumishi, vitenzi. Hapa Kiswahili kina utajiri ambao wafasiri wameutumia kidogo. Kuna sharti, lazima na hapana budi, kuna yapasa na yatakiwa, kuna yafaa, na kuna aweza. Ngazi hii yaonyesha wazi mahali amri inapokwisha na ushauri unapoanza. Lakini mara nyingi amri ya Kiingereza hufasiriwa kwa wakati ujao: “kuta zitajengwa kwa saruji.” Msomaji wa Kaengesa ana haki ya kuuliza: je, hiyo ni amri, au ni habari ya yatakayokuwa? Vivyo hivyo “mkaguzi ataruhusu” na “mkaguzi aweza kuruhusu” zatenganishwa na neno moja, lakini katika ya kwanza mwananchi ana haki, na katika ya pili anangojea hisani.

Neno kibali latia mkazo jambo hilo. Mtu hupata kibali machoni pa mkubwa wake. Ni kukubaliwa na kupendelewa. Hati ya ujenzi ilipopewa jina hilo, ilichukua pamoja nalo harufu ya upendeleo, na si ajabu kwamba wengi huiendea ofisi kama waombao fadhili, ilhali waliotimiza masharti wana haki ya kuipata. Na upande wa pili wa kibali lugha ya watu imeunda neno lake: bomoabomoa. Kitenzi kimekaririwa ili kuonyesha tendo lisilokoma na lisilochagua, na alama ya X nyekundu ukutani ndiyo herufi yake. Neno hilo halina ndani yake mkaguzi wala mhandisi, hoja wala rufani. Ndivyo watu waionavyo sheria ambayo haikuwaeleza sababu zake.

Hata hivyo haifai kumwachia jicho kila kitu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36; na tarehe 16 Novemba 2024 jengo la Kariakoo lilianguka na kuua watu wasiopungua 29. Baada ya maafa kama hayo ni haki ya umma kutaka fimbo ngumu zaidi. Mkaguzi ashikaye tarakimu hana ukaidi tu. Ajua kwamba tarakimu haihongwi kwa urahisi kama kivumishi, na kwamba yeye hana siku za kutosha za kufanya hesabu ya kila nyumba.

Yaliyo katika uwezo wa wataalamu wa lugha ni mambo matatu. Kwanza, kila sharti la vipimo lifuatwe na maneno machache yanayotaja kusudi lake, ili mkaguzi na mhandisi wagombanie kusudi moja. Pili, ngazi ya vitenzi ishikwe sawasawa katika sheria nzima: sharti kwa amri, yafaa kwa ushauri, aweza kwa hiari, na wakati ujao uachiwe kazi yake. Tatu, busara ya mhandisi ipewe jina lake. Ikiitwa maoni, itadharauliwa, kwa sababu kila mtu ana maoni; ikiitwa hukumu, itafanana na ya mahakama. Uamuzi wa kihandisi ni jina linalofaa, mradi sheria iseme kwamba uamuzi huo uandikwe, uonyeshe hesabu na sababu zake, na utiwe sahihi na mtu atakayeulizwa nyumba ikianguka.

Kwa fundi wa Kaengesa haya yote yana maana moja. Akisoma kwamba mkanda wa zege ni sharti, na kwamba umewekwa ili kuta zisiachane ardhi inapotikisika, ataujenga hata mahali ambapo mkaguzi hafiki. Akisoma tu kwamba “mkanda utawekwa,” huenda akangoja aje mwenye kuuweka.