Trakta ya Kikundi Ikikataa Kuwaka

Huku Haut-Katanga mvua ya Novemba haingoji mtu. Trakta ya zamani ikikataa kuwaka, mahindi yanachelewa, na sahani ya watoto inapungua. Mbele ya kuchanga feza za pampu mpya, tuanze na vitu vidogo.

Mashine ya mazutu haitumii cheche kama pikipiki. Inakandamiza hewa mpaka hewa inakuwa moto sana, ndipo mazutu yanashika moto. Kwa hiyo inataka mambo matatu: izunguke kwa nguvu, ipate hewa safi, na mazutu yafike bila hewa wala maji.

Gia iwe huru, freni ifungwe, watoto wakae mbali. Tusafishe vichwa vya bateri na kuvikaza. Kisha dereva azungushe, sisi tutazame moshi.

Hakuna moshi hata kidogo? Mazutu hayafiki. Mara nyingi hewa imeingia katika mipira, zaidi kama tangi liliisha kabisa. Tujaze tangi, tulegeze skrubu ya juu ya chujio, tusukume pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, ndipo tukaze.

Moshi mweupe? Mazutu yanafika lakini hayawaki vizuri: pengine bateri ni zaifu, pengine mashine imechoka ndani. Hapo tumwite fundi. Mabomba ya injekta tumwachie yeye: mazutu yake yanaruka kwa nguvu ya kupenya ngozi.

Na akidai pampu mpya, tumuulize kwanza: “Hewa umeitoa?”