Je, Wajua? Kambare jike mkubwa afaa kurudishwa mtoni

Juu huku Nyeri maji ya mlimani ni ya trauti, aliyeletwa kutoka Uskoti mwaka 1905. Kambare hupenda maji yenye joto kiasi, basi mtafute kuanzia Sagana, ukiteremka na Tana hadi bwawa la Masinga.

Jike wa kilo chache hubeba makumi ya maelfu ya mayai, na kadiri anavyokuwa mkubwa ndivyo yanavyozidi. Mto ukifurika wakati wa masika, hupanda kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, akataga na kuondoka. Ukimvua kabla hajafika huko, kizazi chote kinaishia kwenye sufuria.

Katika kituo cha samaki cha Sagana, kilichoanzishwa 1948, jike hudungwa homoni, akakamuliwa mayai, kisha hurudishwa bwawani akiwa hai. Dume kwa kawaida huchinjwa, kwa sababu mbegu zake hazitoki kwa kukamuliwa tumbo.

Mtoni nasi tungefanya vivyo hivyo: dume wa wastani aende jikoni, jike mwenye tumbo lililojaa arudi majini. Mgeuze umtazame karibu na tundu la haja. Dume ana kijinyama kirefu chenye ncha. Kambare hupumua hewa pia, hivyo hafi upesi akiwa nje. Lowesha mikono, mshike kwa chini ya tumbo, na ndoana ikiwa imezama kooni, usiivute: kata uzi karibu na mdomo.